Paphos, mji ambao sakafu zake bado zinapokea wageni

Mwaka 1962, miaka miwili tu baada ya Cyprus kupata uhuru, watu waliokuwa wakisawazisha ardhi karibu na bandari ndogo ya Paphos, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, walifukua kipande cha sakafu yenye rangi. Idara ya Mambo ya Kale ilianza kuchimba, kazi ikiongozwa na mwanaakiolojia Kyriakos Nicolaou. Chini ya shamba ilikutwa nyumba ya tajiri wa zama za Warumi, yenye ukubwa wa mita za mraba zipatazo 2,000 na vyumba zaidi ya 40. Paa lilikuwa limeanguka karne nyingi nyuma na kuta zimebaki za kufika magotini, lakini sakafu za vyumba 15 zilikuwa zimelala salama chini ya udongo na picha zake zote: mita za mraba 556 za mozaiki, yaani picha zinazopangwa kwa vijiwe vidogo, kimoja kando ya kingine, mpaka utokee uso wa mtu, mkia wa tausi au kichala cha zabibu.

Leo eneo hilo lote la kale limezungushiwa uzio. Upande mmoja kuna bahari ya Mediterania, upande mwingine hoteli za watalii. Shirika la UNESCO liliiingiza Paphos katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Ndani ya uzio kuna magofu mengi: ukumbi mdogo wa maonyesho wa mawe, soko la kale, ngome iliyobomolewa na tetemeko la ardhi la mwaka 1222, na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1888 wakati wa utawala wa Waingereza. Lakini kinachomtoa mtu kwao na kumpandisha ndege ni zile sakafu, na nadhani ni haki yake.

Msomaji wa Biblia ameshausikia mji huu. Ndio Pafo ya Matendo ya Mitume, sura ya 13, ambako Paulo na Barnaba walisimama mbele ya liwali Sergio Paulo, na mchawi Elima akapigwa upofu. Ni vizuri kuweka jambo hili sawa, kwa sababu wageni wengi huingia pale wakidhani wanakanyaga alipokanyaga mtume. Nyumba zenye mozaiki zinazoonekana leo zilijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 2, zaidi ya miaka 100 baada ya Paulo kupita. Anayetaka kumfuata Paulo aende kwenye kanisa la Chrysopolitissa, mwendo mfupi kwa miguu, panapoonyeshwa nguzo ambayo mapokeo yanasema alifungwa na kuchapwa viboko.

Mji wenyewe ulianzishwa mwishoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo na Nikokles, mfalme wa mwisho wa Paphos ya zamani iliyokuwa bara kidogo. Watawala wa Misri wa ukoo wa Ptolemaio wakaufanya makao makuu ya kisiwa, kwani bandari yake ilitazama Aleksandria. Mwaka 58 kabla ya Kristo Warumi wakakitwaa kisiwa, wakaacha makao makuu palepale. Kwa hiyo matajiri walikuwepo, maofisa walikuwepo, na mafundi walipata kazi.

Ukitoka penye tiketi, jua linakupiga usoni na upepo wa bahari unakuchapa vumbi. Hakuna kivuli cha maana mpaka ufike chini ya paa kubwa linaloifunika ile nyumba ya kwanza, inayoitwa Nyumba ya Dionysos. Hilo si jina la mwenyewe, kwani jina lake halikupatikana. Wachimbaji waliiita hivyo kwa sababu Dionysos, mungu wa Wagiriki wa mvinyo, anajitokeza mara kwa mara katika picha zake. Mgeni hutembea juu ya njia za mbao zilizoinuliwa, akitazama chini vyumbani. Mwanzoni unaona kama unachungulia nyumba ya mtu bila ruhusa.

Lakini mwenye nyumba mwenyewe alishakukaribisha. Katika chumba chenye picha za majira manne ya mwaka kuna maandishi mafupi mawili ya Kigiriki yaliyopangwa kwa vijiwe. La kwanza ni salamu, la pili ni itikio: furahi, nawe pia. Aliyelipia sakafu ile alitaka kila anayeingia asalimiwe hata kama yeye mwenyewe yuko chumba cha ndani. Mtu wa pwani yetu, aliyekulia penye hodi na karibu, hahitaji mwongozaji wa kumweleza. Hapo ndipo nilipoanza kuziangalia sakafu zile kwa jicho jingine. Picha iliyotundikwa ukutani unaweza kuihamishia popote, isipungukiwe na kitu. Salamu iliyoko sakafuni ina maana kwa sababu iko ndani ya nyumba, njiani mwa mgeni.

Fuata basi njia ya mgeni wa wakati ule. Anapita ua wa katikati, uliozungukwa na baraza pande zote nne. Baraza tatu zimejaa mawindo: chui, dubu, nguruwe mwitu, kondoo mwitu, wawindaji na mbwa wao. Ya nne, ya upande wa magharibi, ndiyo inayoelekea ukumbi wa karamu, na hapo fundi amebadilisha mazungumzo. Ameweka hadithi nne mfululizo, kila moja ndani ya fremu yake, na zote zinahusu mapenzi au mvinyo. Mgeni anayekwenda kula na kunywa anaandaliwa moyo kabla hajafika mezani.

Picha ya Ikarios ndiyo iliyonishika zaidi. Kushoto ameketi Dionysos na kichala cha zabibu mkononi, na mbele yake msichana anayeitwa Akme, kwa maandishi yaliyo juu yake, anakunywa kwa bakuli. Katikati amesimama Ikarios, mkulima aliyempokea mungu huyo kwa ukarimu na kufundishwa kutengeneza mvinyo kama shukrani. Ameshika kamba za ng'ombe wawili wanaovuta mkokoteni wa magurudumu mawili, na mkokoteni umesheheni viriba vya mvinyo. Kulia kuna wanaume wawili. Mmoja ameshaanguka chini, mwingine bado anajitahidi, na juu yao pameandikwa kwamba hawa ndio watu wa kwanza kunywa mvinyo. Kila aliyesimama pale alitabasamu. Ila hadithi yenyewe inaishia pabaya, na mgeni wa karne ya 2 aliijua: wachungaji walidhani wamelishwa sumu, wakamuua Ikarios. Fundi hakuichora damu. Ameisimamisha hadithi mahali ambapo mwenye karamu angependa isimame.

Katika fremu ya jirani fundi ameteleza. Hadithi ni ya Pyramos na Thisbe, vijana wawili wa Babeli waliopendana kinyume cha matakwa ya wazazi wao na kufa kwa kutoelewana kwa dakika moja. Thisbe amesimama ameshtuka, na nyuma kuna mnyama mwenye vazi lake mdomoni. Lakini Pyramos hakuchorwa kama kijana mpenzi. Amekaa ameegemea mtungi unaomwaga maji, kichwani ana matete, mkononi ana pembe ya neema, yaani sura ambayo Wagiriki waliwapa miungu ya mito. Kulikuwa na mto ulioitwa Pyramos huko Asia Ndogo, na inaelekea fundi alichanganya majina, au alikuwa na mfano wa mto akauona unatosha. Na simba jike wa hadithi amegeuka chui. Ninaipenda picha hii kwa sababu ya kosa lake. Inatuonyesha mtu akiwa kazini, na mteja aliyelipa pengine bila kulalamika.

Ukumbi wa karamu ndio chumba kikubwa kuliko vyote. Warumi walikula wamejinyoosha kwenye makochi yaliyopangwa pande tatu za chumba, upande wa nne ukiachwa wazi kwa wahudumu. Penye mwingilio Dionysos anarudi kwa shangwe kutoka vitani India, gari lake likivutwa na chui, wafuasi wakipiga vyombo, na mateka wa Kihindi wenye ngozi nyeusi wakiwa katika msafara. Ndani zaidi, kati ya matawi ya mizabibu, watu na viumbe wanavuna zabibu. Fremu za picha, zenye misuko na mafundo ya vijiwe, zinazizunguka kama pindo linavyoizunguka kanga. Katika umbali wa hatua mbili uso wa mwanadamu unaonekana laini, wenye kivuli shavuni. Ukiinama unaona kwamba kile kivuli ni mstari wa vijiwe vya kahawia, vidogo kuliko vya nguo, vidogo zaidi kuliko vya ardhi iliyo nyuma yake.

Kazi yenyewe ilianzia chini sana. Vitruvius, mbunifu wa Kirumi aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Kristo, ameeleza tabaka za sakafu nzuri: mawe makubwa kwanza, juu yake kokoto zilizochanganywa na chokaa na kushindiliwa, kisha lipu ya chokaa na vigae vilivyosagwa. Mwisho ikaja lipu nyembamba mbichi, na vijiwe vikapachikwa kabla haijakauka, ndiyo maana fundi alimaliza eneo dogo kwa wakati mmoja. Rangi nyingi ni za mawe yenyewe. Yale mabuluu, makijani na machungwa makali, ambayo jiwe haliwezi kuyatoa vizuri, yalitengenezwa kwa vioo. Kuna pia sakafu moja ya zamani zaidi, iliyopangwa kwa kokoto nyeusi na nyeupe, inayomwonyesha Skylla, jinamizi la baharini lililomeza mabaharia. Hiyo ni ya siku za mwanzo za mji, kabla ya Warumi kufika.

Nyumba ya Theseus, karibu na hapo, ni kubwa zaidi, ina vyumba zaidi ya 100, na watafiti wengi huiona kuwa ilikuwa makazi ya liwali wa Kirumi. Wachimbaji wake ni Wapolandi wa Chuo Kikuu cha Warsaw, walioanza kazi mwaka 1965 chini ya Kazimierz Michałowski. Picha ya duara ya shujaa Theseus akimkabili Minotauros, nusu mtu nusu fahali, ndiyo iliyoipa jina. Mimi nilikaa zaidi penye picha ya karne ya 5 inayoonyesha mtoto Akhilleus, shujaa wa baadaye wa Wagiriki, akiogeshwa kwa mara ya kwanza, wazazi wametulia, yaya wako kazini, na wale wanawake watatu wanaosokota uzi wa maisha ya mtu wanaingia kutoka kando. Aliyezoea picha za Wakristo wa Mashariki za kuzaliwa kwa Yesu, zenye mtoto ndani ya beseni na wanawake wanaomwogesha, atatambua mara moja jinsi mpangilio ule ulivyoendelea kuishi katika dini mpya.

Hata hivyo, mtu mwenye saa moja tu aende Nyumba ya Aion. Iligunduliwa mwaka 1983, tena na Wapolandi, na ni ndogo. Sakafu yake ya katikati ya karne ya 4 ina picha tano, na ya katikati ni mashindano ya uzuri. Washindani ni mabinti wa bahari kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Kassiopeia, malkia wa Aithiopia, jina ambalo Wagiriki waliziitia nchi zilizoko kusini ya Misri. Katika hadithi inayojulikana, malkia huyu anaadhibiwa kwa kujisifu. Poseidon, mungu wa bahari, analeta jinamizi la bahari katika nchi yake, na binti yake Andromeda anafungwa mwambani. Hapa mambo ni tofauti. Mwamuzi ni Aion, mungu wa wakati, na malkia wa Aithiopia anashinda, anavishwa taji, huku mabinti wa bahari wakiondoka na aibu yao. Fundi hakumpa rangi ya Kiafrika, ni kweli. Lakini mwenye nyumba aliyechagua hadithi hiyo kwa ukumbi wake, katika karne ambayo Ukristo ulikuwa unaiziba midomo miungu ya zamani, alikuwa na jambo la kuwaambia wageni wake, na ushindi wa Kassiopeia ulikuwa sehemu ya jambo hilo.

Na kusini ya Misri hakukuwa kwa hadithi tu: pwani yetu wenyewe ilikuwa tayari imeandikwa wakati huo. Katika karne ya 2, ile iliyoleta Nyumba ya Dionysos, Klaudio Ptolemaio wa Aleksandria aliitaja Rhapta, mji wa biashara wa Afrika Mashariki, katika kitabu chake cha jiografia. Mwongozo wa mabaharia wa karne moja kabla yake unazitaja pembe za ndovu na magamba ya kasa zilizochukuliwa huko. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba shanga za kioo za zama za Warumi kule Rufiji.

Matetemeko ya karne ya 4 ndiyo yaliyoimaliza Paphos kama makao makuu, na hadhi hiyo ikahamia Salamis, mashariki mwa kisiwa. Nyumba zikaanguka, udongo ukazifunika, watu wakalima juu yake. Udongo ndio uliozitunza. Tangu zilipofunuliwa, hatari zimekuwa nyingi: chumvi inayopanda na unyevunyevu, mizizi ya majani, jua, na miguu yetu. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 dawa iliyotumika katika nchi nyingi ilikuwa kuzing'oa sakafu na kuzilaza upya juu ya zege lenye nondo, na baadaye nondo zikaota kutu na kupasua kila kitu. Siku hizi wahifadhi hujitahidi kuziacha pale zilipo, kuzijengea paa, au kuzifukia tena kwa mchanga safi mpaka zipatikane fedha za kuzitunza.

Pale inapobidi kuinua, huinuliwa ili kurudishwa. Sakafu ya Orpheus hapohapo Paphos, inayomwonyesha mwanamuziki huyo akiwatuliza wanyama kwa kinubi, ilishughulikiwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kazi iliyofanywa na Idara ya Mambo ya Kale pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty. Ilibanduliwa, ikazungushwa polepole juu ya mhimili mkubwa wa mviringo, ikatengenezewa mgongo mpya, kisha ikarejeshwa chumbani mwake.

Cyprus inajua vizuri upande wa pili wa jambo hili. Katika kanisa la Panagia Kanakaria, kijiji cha Lythrankomi, kaskazini mwa kisiwa, kulikuwa na mozaiki za ukutani za karne ya 6. Baada ya kisiwa kugawanyika mwaka 1974 majambazi walizikata vipandevipande. Mwaka 1988 vipande vinne vilinunuliwa Geneva na mfanyabiashara wa sanaa wa Indianapolis kwa zaidi ya dola milioni moja, na muda si mrefu vikatangazwa kwa bei ya dola milioni 20. Mahakama ya Marekani iliamua mwaka 1989 kwamba ni mali ya Kanisa la Cyprus, na mwaka 1991 vikarudi kisiwani. Vimewekwa katika jumba la makumbusho mjini Nicosia, si kanisani mwake. Ukutani ulikobaki uwazi hakuna anayeweza kuvirudisha kama vilivyokuwa.

Nilipokuwa nikisoma habari hiyo mawazo yalinipeleka Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Makaburi ya nguzo ya pale yalipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Nyingi zimeng'olewa. Chache ziko makumbusho, na zilipokuwa yamebaki mashimo ya duara. Mambo ni yaleyale Kaole na kwenye makaburi kadhaa ya mwambao wa Kenya. Sahani iliyowekwa kabatini inatueleza ilikotoka na ilitengenezwa lini. Ikiwa juu ya nguzo ya kaburi inatueleza ni nani aliyeienzi, na kwamba familia yake ilikubali kuitoa kwenye matumizi ya nyumbani ili imkumbuke marehemu mbele ya kila mpita njia. Hilo la pili likishapotea halirudi.

Ukipata nafasi ya kwenda Paphos, nenda majira ya kuchipua, wakati maua ya mwituni yamejaa katikati ya magofu na jua halijawa kali. Chukua kofia na maji, anza asubuhi, na usikimbilie kumaliza nyumba zote. Usipopata nafasi hiyo, Kunduchi na Kaole ziko jirani, Kilwa Kisiwani inafikika, na Gedi, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, iko karibu na Malindi. Na popote utakapokuwa, akija mtu na kipande cha sahani ya kale, shanga au kijiwe cha rangi, akikuambia kimetoka kwenye magofu na bei ni nafuu, usinunue. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe, uwaonyeshe na mahali kilipotolewa.